Sigara juu ya dawa ya ADHD

Swali: Mtu anameza methilfenideti (dawa ya ADHD, yaani tatizo la kukosa umakini na utulivu) asubuhi, akivuta sigara tu, moyo unamwenda mbio. Sigara inapandisha kiwango cha dawa mwilini?

Jibu 1: Hapana. Methilfenideti huvunjwa na kimeng'enya CES1, si kile kinachochochewa na moshi. Shida ni kujumlishana: nikotini na dawa, vyote hupandisha mapigo na presha. Apime akiwa ametulia dakika 5, kabla ya sigara na baada yake, amwoneshe daktari.

Jibu 2: Na kahawa je? Moshi (si nikotini) huchochea kimeng'enya kingine, CYP1A2, kinachovunja kafeini. Akiacha sigara, kikombe kilekile kinageuka kikali. Apunguze kahawa kwa nusu.

Jibu 3: Akiandikiwa bupropioni ya kuachia sigara, ataje methilfenideti: zikikutana, hatari ya degedege huongezeka. Kifua kikiuma, hospitali moja kwa moja.