Simu ya Intaneti: Itozwe, au Imekwisha Kulipiwa?

Waungwana, naileta kwenu hoja iliyotuweka barazani Ngamiani, hapa Tanga, tangu baada ya alasiri mpaka adhana ya magharibi ikatuinua na kahawa imepoa. Swali lenyewe ni hili: je, simu inayopigwa kwa njia ya intaneti, iwe ya WhatsApp au ya programu nyingine, iachwe kuwa ya bure, au itozwe kwa dakika kama simu ya kawaida? Aliyeshika upande wa kutoza ni mzee wetu mmoja aliyetumikia Shirika la Posta na Simu kabla halijagawanywa mwaka 1994. Alieleza kwamba makampuni ya simu ndiyo yanayosimamisha minara, yanayolipia leseni na masafa, na yanayochangia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ili hata vijiji visivyoleta faida vipate mtandao. Kisha anatokea mgeni asiye na nguzo hata moja nchini, anapitisha sauti juu ya mali ya wenzake na kuwachukulia wateja. Alimwita mpangaji asiyelipa kodi ya nyumba, na baraza zima likacheka.

Mimi sikucheka sana, kwa sababu naona neno "bure" ndilo lililotupoteza njia tangu mwanzo. Usiku uleule nilitazama kwenye simu yangu kiasi cha data nilichokwisha kutumia, nikampigia shemeji yangu kwa WhatsApp, tukazungumza dakika 10 (nusu yake ikiwa habari za mbuzi wake), kisha nikatazama tena: MB 5 na ushei zilikuwa zimeondoka. MB hizo sikuziokota. Nilizinunua kwa kampuni ileile yenye mnara, na ndani ya bei ya bando mlikuwamo ushuru wa bidhaa pamoja na kodi ya ongezeko la thamani. Mwenye mnara amelipwa, Hazina imelipwa, na shemeji naye amelipa kwa upande wake, kwa kuwa anayepokea simu ya intaneti hukatwa data zake pia, jambo lisilompata anayepokea simu ya kawaida. Kututoza tena kwa dakika ni kumkatia tiketi ya pili abiria aliyekwisha kulipa nauli pale stendi ya Kange. Isitoshe, ukimwuliza mtu kwa nini amenunua bando, hatakwambia kwamba alikuwa na hamu ya megabaiti. Atakwambia alitaka kuingia WhatsApp. Mpangaji huyo, basi, ndiye anayemletea mwenye nyumba wateja.

Liko jambo la kiufundi ambalo barazani halikutajwa. Katika mitambo ya simu ya vizazi vya zamani, 2G na 3G, sauti ya simu ya kawaida ilikuwa na njia yake peke yake, iliyotengwa kwa ajili ya wasemaji wawili mpaka wakate. Mitambo ya 4G haikujengwa hivyo: simu ya kawaida inayopita humo, ile iitwayo VoLTE, nayo hukatwakatwa kuwa pakiti, yaani vipande vidogo vya data, kama ilivyo simu ya WhatsApp. Kinachozitofautisha ni kwamba moja hupewa kipaumbele njiani na kuhesabiwa kwa dakika, na nyingine hujipenyeza inavyoweza na kuhesabiwa kwa MB. Kipaumbele hicho ni haki kulipiwa, na mimi nakilipia bila kinyongo, kwa sababu penye dharura ni simu ya kawaida inayofika 112, wala si WhatsApp.

Mahali zinapolipiwa simu hizi za intaneti tunapajua, maana watoto wetu wanaishi huko. Jirani yangu ana binti anayefanya kazi za ndani Dubai. Falme za Kiarabu zimezuia simu za WhatsApp kwa miaka mingi, na aliyetaka kuzungumza kwa intaneti alipaswa kununua kifurushi maalumu cha dirhamu 50 kwa mwezi, kisha atumie programu zilizoruhusiwa, kama vile Botim. Binti alikinunua miezi miwili, akaacha, na tangu hapo wakawa wanatumiana ujumbe wa sauti. Mama huiegemeza simu kwenye chupa ya chai, husikiliza ujumbe mpaka mwisho, huurudia kwa kuwa mara ya kwanza machozi yalimzuia kusikia vizuri, halafu hubonyeza na kujibu, akinyamaza kidogo kila baada ya maneno mawili kana kwamba anangoja kuitikiwa. Siku binti alipougua, swali la "unaumwa wapi, mwanangu?" lilitoka Tanga asubuhi, na jibu likafika baada ya isha.

Majirani zetu nao walijaribu. Uganda iliweka tozo ya shilingi 200 za kwao kwa siku mwezi Julai 2018 kwa anayetumia mitandao ya kijamii, WhatsApp ikiwamo. Watu wengi wakaikwepa kwa VPN, programu inayoficha mtu anachofungua kwenye intaneti, na mwaka 2021 tozo hiyo ikaondolewa, ikawekwa asilimia 12 juu ya data. Lebanon ilipotangaza tozo ya senti 20 za dola kwa siku kwa simu za WhatsApp, Oktoba 2019, watu walimiminika barabarani, tozo ikafutwa usiku uleule, na kabla ya mwezi kwisha Waziri Mkuu Saad Hariri alitangaza kujiuzulu, ingawa hasira za Walebanoni zilikuwa na mizizi mirefu kuliko simu.

Kuna upande mmoja wa hoja ya mzee ambao sijauweza. Mvuvi anayeshusha samaki Deep Sea akiwa na kitochi analipia kila dakika, ilhali mnunuzi wake wa Muheza mwenye simu janja anaonyeshwa kolekole kwa video kwa gharama ndogo sana. Kadiri wenye uwezo wanavyohamia intaneti, ndivyo dakika zinavyobaki kulipiwa na wasio nacho. Hilo ni kweli na linauma, ila dawa yake ni kumshushia mvuvi bei ya dakika, si kumpandishia mwenzake. Na kama ni lazima programu za nje zichangie, Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 ilikwisha kufungua mlango kwa kodi ya asilimia 2 juu ya mapato ya watoa huduma za kielektroniki wasio wakazi. Wafuatwe wao huko huko. Mimi bando langu la siku lilikatika juzi usiku likiwa na MB 300 ambazo sikuzigusa. Kama kuna deni kati yangu na mwenye mnara, basi mdai ni mimi.

Anayeona zitozwe namwomba anijibu hili: ujumbe wa sauti wa yule mama, wenye dakika 4, ni simu au ni barua? Akisema ni barua, Tanga nzima itahamia kwenye ujumbe wa sauti wiki hiyohiyo. Akisema ni simu, aeleze ni nani atakayezifungua pakiti zilizofichwa kwa msimbo baina ya mama na mwanawe ili azihesabu. Mzee nilimwuliza hilo jana, akaniomba nimpe mpaka Ijumaa.