Wazazi Kidato cha Nne: zawadi ya mwalimu wa unasihi

Mama Neema: Wazazi, mahafali ndiyo hayo. Mwalimu wetu wa unasihi tumpe nini? Nimewaza kitenge na keki.

Baba Jabiri: Anastahili. Ila mnajua anakaa wapi? Ofisi ya walimu, meza ya pili kutoka kwa mwalimu wa nidhamu. Mtoto gani ataeleza ya nyumbani pale, aliyemchapa jana anasikia?

Mama Neema: 🙈

Bi Zuhura: Hapo umesema. Ile stoo nyuma ya maktaba igawanywe kwa plaiwudi, na ifike darini kabisa maana sauti hupita juu. Mlango uwe na kioo kidogo usawa wa macho: apitaye aone watu wamekaa, asisikie wanachosema. Kioo hicho kinamlinda mtoto na kinamlinda mwalimu pia.

Baba Jabiri: Na kabati la chuma lenye kufuli. Kumbukumbu ziandikwe kwa namba, orodha ya majina ikae kwingine.

Ankali Musa: Sanduku la maoni nalo lihamishwe. Limetundikwa mlangoni kwa mkuu, nani atatumbukiza? Likae njia ya maktaba, lifunguliwe kila Ijumaa. Karatasi ikilala humo mwezi, mtoto haandiki tena.

Mama Neema: Barua ya shukrani je?

Bi Zuhura: Iende kwa mkuu wa shule, nakala kwa bodi ya shule, iingie kwenye jalada lake. Msiandike "mlezi mwema" mkaishia hapo, tajeni kazi. Mfano Selform, ile fomu ya kuchagua masomo ya Kidato cha Tano au chuo: tangu tahasusi (makundi ya masomo matatu) zifike 65 mwaka 2024, watoto wengi wanafuata marafiki. Yeye huwaita mmoja mmoja na matokeo mkononi kabla dirisha halijafungwa: masomo hayo matatu umefaulu? Yanakufikisha kwenye kozi unayoitaka? Ila jina la mtoto au shida yake lisionekane humo, hata kwa kusifu.

Baba Jabiri: Tuombe pia apunguziwe vipindi. Mwenye Kemia ya madarasa yote anasikiliza watu saa ngapi?

Mama Aisha: Mimi ningependa tu aniambie binti yangu anaongea naye nini.

Bi Zuhura: Dada yangu, hilo ndilo huua unasihi. Mtoto akijua maneno yanafika nyumbani harudi, na wenzake hawaji. Siri huvunjwa penye hatari tu: anadhulumiwa, au anataka kujidhuru. Hapo wataitwa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Wewe muulize "nimsaidieje nyumbani?" Hilo atakujibu.

Mama Aisha: Haya, nimeelewa. Natoa plaiwudi mbili.

Ankali Musa: Asante sana. Chukua za milimita 12, nyembamba zinavuma kama ngoma. Tutazipiga pande zote mbili za fremu, katikati tujaze sponji ya magodoro chakavu. Nani ana fundi?

Mama Neema: Fundi ninaye. Na kitenge kipo palepale jamani 😄