Krismasi ya kwanza Uingereza, mama ana shifti tarehe 25 na gari hatuna: tujipangeje?

MgeniLeeds
Wakuu, habari za majukumu. Tuko Leeds, tumeingia mwezi wa tisa tukitokea Dodoma. Mke wangu ni muuguzi wa NHS (huduma ya afya ya serikali), na ratiba imetoka: tarehe 25 anaingia saa moja asubuhi, anatoka karibu saa mbili usiku. Hospitali iko maili nne kutoka nyumbani. Watoto wana miaka 6 na 9. Nyumba ni ya kupanga, umeme na gesi tunalipia kabla kama LUKU. Naomba ushauri wa usafiri, chakula, mambo ya shule na chochote ambacho mgeni hawezi kukijua mpaka kimkute. Bajeti si kubwa. Naomba kuwasilisha.

NesiWaZamu
Mkuu, anza na usafiri, mengine yanasubiri. Tarehe 25 treni hazitembei na mabasi karibu yote yanalala. Tarehe 26 yapo machache, kwa ratiba ya sikukuu.

Shemeji aandike leo kwenye kundi la WhatsApp la wodi: nani yuko shifti hiyo, ana gari na anapita upande wenu? Achangie mafuta. Asipopatikana mtu, pigeni simu kampuni ya teksi ya mtaani mhifadhi safari zote mbili, kwenda na kurudi, mkiuliza bei ya sikukuu mapema kwa sababu huwa juu sana kuliko siku ya kawaida. Waombeni uthibitisho kwa ujumbe. Kosa la wengi ni kutegemea programu ya simu asubuhi ileile: madereva ni wachache na bei inapaa kila dakika.

Kubadilishana shifti kunawezekana. Wapo wasio na watoto ambao watafanya 25 kwa furaha ili walale mkesha wa mwaka mpya. Ila mabadiliko yapite kwa anayepanga ratiba na yaonekane kwenye mfumo. Makubaliano ya mdomo hayahesabiki.

Akibaki na shifti hiyo, aijue haki yake: kwa bendi 5 (daraja la mshahara la NHS), saa za sikukuu zina nyongeza ya asilimia 60, na anadai siku ya mapumziko ya fidia. Nyongeza mara nyingi hutokea kwenye mshahara wa mwezi unaofuata, kwa hiyo aikague karatasi ya mshahara ya Januari.

Sherehe yenyewe pelekeni tarehe 26, nayo ni sikukuu. Watoto wadogo hawadai tarehe, wanadai zawadi na mama.

FundiHita
Mita za kulipia kabla ndizo zinazowaumiza wageni. Kama zenu ni za zamani, umeme una ufunguo na gesi ina kadi, na salio linanunuliwa dukani. Ongezeni kote kuwili kabla ya tarehe 23, mara mbili ya mnachotumia kwa wiki, maana watoto watashinda ndani na hita zitawaka kutwa.

Kampuni nyingi hazikati huduma usiku, wikiendi na sikukuu. Salio likiisha ndani ya saa hizo mnaendelea kutumia, na deni linakatwa mkiongeza. Tatizo ni hili: likiisha saa chache kabla ya muda huo kuanza, na salio la dharura mmeshalitumia, giza linakukuta na fundi wa kampuni hayupo karibu.

Boila (mtambo wa gesi unaopasha maji na hita): tazama kipimo cha presha ikiwa ya baridi. Kinatakiwa kusoma kati ya 1 na 1.5. Usiku wa baridi kali, bomba la plastiki linalotoa maji ya boila nje ya ukuta linaganda, boila inanguruma kisha inazima na kuonyesha kosa. Mimina maji ya vuguvugu juu ya bomba hilo, kuanzia mwishoni kuelekea ukutani, halafu bonyeza kitufe cha kuiwasha upya. Maji yanayochemka yanapasua plastiki. Kifuniko cha boila usikifungue kamwe, hiyo ni kazi ya fundi aliyesajiliwa Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi. Namba ya dharura ya wakala wa nyumba ombeni sasa, ofisi zao hufungwa mapema tarehe 24. Mkisikia harufu ya gesi: fungueni madirisha, msiguse swichi, tokeni nje, pigeni 0800 111 999.

MpishiWaMvita
Kaka, bata mzinga achana naye. Wa kilo 5 akiwa ameganda anahitaji siku mbili hadi mbili na nusu kuyeyuka ndani ya friji, kisha zaidi ya saa tatu kwenye oveni ya nyuzi 180, na watoto watakula vipande viwili. Watu wanne hawamalizi. Piga pilau.

Maduka makubwa, yaani yanayozidi mita za mraba 280, yanakatazwa na sheria kufunguliwa tarehe 25, na tarehe 24 mengi hufunga jioni mapema. Nyama nunueni kwa mchinjaji wa halali, mkiagiza wiki moja kabla. Sema mbuzi waziwazi, maana nyama nyingi pale ni ya kondoo. Kilo moja na nusu, yenye mifupa, ikatwe vipande vidogo.

Mchele wa basmati si wa Kyela. Osha mpaka maji yatoke maangavu, loweka nusu saa, na supu iwe kikombe kimoja na nusu kwa kila kikombe cha mchele. Ukiweka viwili unapata bokoboko. Vikombe vinne vinawatosha na kubaki. Kaanga vitunguu vinne mpaka viwe kahawia kweli, kwa sababu rangi ya pilau inatoka hapo, kisha saumu na tangawizi, viazi, nyama iliyokwisha kuiva, bizari nzima vijiko viwili vya chai, iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga. Jiko la umeme la sahani linabaki na moto hata ukilizima, kwa hiyo chini huungua wakati juu pabichi. Dawa yake: maji yakikaribia kukauka, funika sufuria kwa karatasi ya alumini na kifuniko, ingiza kwenye oveni nyuzi 150 kwa dakika 25. Hapo umepata kazi ya kupalia makaa. Hakikisha mikono ya sufuria si ya plastiki.

Chapati: unga ulioandikwa *plain*. Ule wa *self-raising* una hamira ya unga ndani yake, chapati zinavimba na kukatika kama mkate. Kilo moja ya unga, maji ya vuguvugu karibu mililita 600, chumvi vijiko viwili vya chai, mafuta vijiko vinne vya kulia. Ukande, uupumzishe nusu saa.

Wakati wa kukaanga washa feni ya jiko, fungua dirisha, funga mlango wa jikoni. King'ora cha moshi kikilia, pepea taulo, betri usitoe. Na mafuta yaliyotumika yakipoa tia kwenye chupa, yatupwe na taka. Ukiyamwaga kwenye sinki yanaganda bombani kwa baridi hii.

MamaWatatu
Shule zinafungwa wiki moja hivi kabla ya Krismasi, na Desemba yote barua za shule zinatiririka. Soma kila ujumbe kwenye programu ya shule, kwani taarifa nyingine hutolewa siku mbili tu kabla.

Wa miaka 6 huenda akapewa nafasi kwenye igizo la kuzaliwa Yesu. Mchungaji wa kondoo: kanzu au shati kubwa, taulo la jikoni kichwani, kamba. Msinunue vazi jipya. Kuna pia siku ya sweta za Krismasi. Maduka ya hisani (yanayouza vitu vilivyotumika) yanaziuza kwa pauni chache, ila nendeni mapema, saizi za watoto zinaisha. Kadi za darasa zima si lazima, lakini watoto wengi hugawana, na mtoto asiye nazo hujisikia vibaya. Pakiti ya 30 ni bei ndogo, na mwalimu anaweza kuwapa orodha ya majina.

Kwa ibada: makanisa mengi yana ibada fupi ya watoto alasiri ya tarehe 24. Mkesha wa usiku huanza karibu saa tano na nusu na basi la kurudi hamtapata. Kumbukeni pia kwamba mwezi huo Leeds giza linaingia kabla ya saa kumi alasiri. Matembezi ya bustanini yawe kabla ya chakula.

MgeniLeeds
Asanteni sana, nimenakili yote. Maswali mawili ya mwisho. Bibi wa watoto anataka kututumia kifurushi: samli, nyama kavu, vitenge na viungo. Na rafiki amenipa jiko dogo la mkaa. Kukinyesha, naweza kuchomea nyama jikoni dirisha likiwa wazi?

FundiHita
Hapana, hapana. Mkaa ndani ya nyumba unatoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu, na dirisha wazi halitoshi. Hata jiko lililokwisha kuchoma, makaa yakionekana yamekufa, lilale nje. Tumia grili ya oveni, nyama iwe karibu na moto wa juu, trei yenye maji chini kuzuia moshi.

MamaWatatu
Samli na nyama mwambie bibi aache, vya aina hiyo kutoka nje ya Ulaya haviruhusiwi na forodha itavitupa. Vitenge na viungo sawa. Fomu iandikwe kuwa ni zawadi kati ya mtu na mtu, kila kitu kitajwe kwa jina na bei, jumla isizidi pauni 39. Ikizidi, mtadaiwa kodi pamoja na ada ya msafirishaji, na kifurushi kitakaa bohari hadi mlipe.

NesiWaZamu
Nami niongeze la kutuma pesa nyumbani. Fungueni akaunti ya kutuma pesa mapema Desemba, uhakiki wa pasi na anwani unaweza kuchukua siku. Tumeni kabla ya tarehe 20. Baada ya hapo mawakala huko wana foleni na wengine wanaishiwa pesa taslimu. Simu ya video: Tanzania wako mbele saa tatu. Mkipiga saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla shemeji hajatoka, Dodoma ni saa mbili na nusu asubuhi, muwawahi kabla hawajaenda kanisani.

MgeniLeeds
Teksi nimeshapiga simu, wamethibitisha kwa ujumbe, kumchukua saa kumi na mbili na robo. Kesho namfuata mchinjaji.