MJADALA: Aliyesoma picha yako ya CT-Scan ni nani, na bima inamlipa nani?

Wadau, salaam. Hoja hii nimekaa nayo kifuani muda mrefu, naomba tuijadili kwa kina.

Shangazi yangu alipimwa CT-Scan ya kichwa kwenye hospitali moja binafsi hapa Dar es Salaam. Alitoa kadi ya NHIF, bima ya afya ya taifa, akasaini fomu, akaingia, akatoka. Kesho yake tukapewa bahasha kubwa ya kaki, ndani mna filamu mbili na karatasi ya majibu yenye mistari sita ya Kiingereza. Chini yake kuna saini iliyojikunja, basi. Hakuna jina, hakuna namba ya usajili, hakuna mhuri wa daktari. Majibu yalisema hana tatizo.

Kichwa hakikuacha kuuma. Baada ya wiki tatu tukampeleka kwingine. Daktari akaiweka filamu ileile kwenye taa, akanyamaza, akamwita mwenzake, wakawa wanaonyeshana kwa kalamu sehemu moja nyuma ya sikio la kushoto. Palikuwa na uvimbe. Akamgeukia shangazi: "Mama, hii picha alikusomea nani?" Shangazi akamjibu, "Mwanangu, mimi nilimwona yule kijana wa mashine tu."

Kijana wa mashine ni mteknolojia wa mionzi. Kazi yake ni kukulaza vizuri na kupiga picha, na wengi wao wanaifanya vizuri sana. Kuisoma ile picha ni kazi ya bingwa wa radiolojia: miaka mitano ya udaktari, mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, kisha miaka mingine ya uzamili ya kusoma picha tu. Wagonjwa wengi hawamwoni kamwe. Anakaa chumba cha ndani chenye giza, au yuko mkoa mwingine na picha zinamfuata kwa mtandao. Daktari wa moyo ukimtilia shaka unaweza kumuuliza usoni. Huyu utamuuliza wapi?

Sasa tuje kwenye bima. Ukienda kumwona daktari, bima inaangalia ngazi yake: wa kawaida, bingwa, bingwa bobezi, na kila mmoja ana bei yake. Kipimo cha picha kinaandikwa kwenye orodha ya bei kama kitu kimoja, na fedha inakwenda kwa kituo. Mle ndani ya bei hiyo, mashine, filamu, umeme na macho ya bingwa vyote vimefungwa kwenye furushi moja. Kituo kikitaka kubana matumizi, mashine haibaniki, umeme haubaniki. Kinachobanika ni msomaji.

Mimi nasema hivi: bima ya taifa itenganishe malipo ya kupiga picha na malipo ya kuisoma. Na fungu la kusoma lisilipwe mpaka ripoti iwe na jina kamili la bingwa na namba yake ya Baraza la Madaktari.

Si jambo jipya duniani. Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee iliyoanzishwa kwa sheria ya 1965, hutenganisha mafungu hayo mawili: la mitambo na la kazi ya daktari. Isitoshe, ina orodha ya wazi ambayo raia yeyote anaifungua na kuona daktari fulani alisoma chuo gani, alimaliza mwaka gani, ubingwa wake ni upi, na kama anakubali bei ya bima bila kumwongezea mgonjwa. Jirani yetu mwenye mwanawe kule alinionyesha kwenye simu, nikaona wivu. Sisemi kwao ni peponi. Wenye bima binafsi waliteseka kwa bili za mabingwa wa picha wasiowahi kuwaona, hadi sheria ya kuwalinda ikaanza kazi Januari 2022.

Binamu yangu anashughulikia madai ya bima hospitalini, tumebishana naye usiku mzima. Anasema mabingwa ni wachache, ukidai jina kwenye kila ripoti, wagonjwa wa mikoani watasubiri majibu wiki nzima. Hoja hiyo ina uzito, na naikubali nusu. Baada ya ule mkopo wa IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) wa shilingi trilioni 1.3 wa wakati wa UVIKO-19, hospitali nyingi za rufaa za mikoa zilipata CT-Scan, na mashine huja kwa meli haraka kuliko bingwa anavyosomeshwa. Lakini uchache wao ndiyo sababu ya kuwalipa kwa kazi waliyoifanya, hata kama wameisoma kutoka mbali. Na kama ripoti ni ya awali, imeandikwa na daktari wa kawaida, iandikwe hivyo waziwazi ili daktari anayetibu ajue.

Pia anasema hospitali zitagoma. Tunakumbuka Machi 2024, baadhi ya hospitali binafsi zilivyositisha huduma kwa wanachama wa NHIF zikipinga bei za kitita kipya, yaani orodha mpya ya huduma na malipo yake. Wagonjwa walirudishwa getini wakiwa na kadi mkononi. Siombi turudi huko. Ila mabishano yale yalikuwa juu ya bei, na sasa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inatuingiza sote kwenye mfuko. Huu ndio wakati wa kuuliza tunanunua nini.

Shangazi alipasuliwa, anaendelea vizuri, namshukuru Mungu.

Mabingwa wa radiolojia mliopo humu: kwa picha moja ya mwenye bima, mkononi mwako inafika shilingi ngapi? Na wewe uliyewahi kupimwa, itoe ile bahasha juu ya kabati, uangalie chini ya ripoti. Pana jina?