Maua ya porini uani kwa ajili ya nyuki: nianze na yapi hapa Tabora?

Mama wa Ipuli

Wanajukwaa, nawasalimu nyote, na wakubwa zangu shikamooni. Ninaishi Ipuli, Tabora mjini, na nyuma ya nyumba nina uwanja wa hatua 12 kwa 8 ambao nusu yake nalima mboga. Kwa misimu miwili mfululizo maboga yangu yametoa maua mengi, lakini vitoto vinavyoanza kufunga hugeuka rangi ya njano, vikanyauka na kudondoka vingali na ukubwa wa ndimu. Jirani aliniambia kwamba ni ugonjwa, nikanunua dawa nikapulizia, na baada ya hapo hali ikawa mbaya zaidi. Masika iliyopita niliamua kuketi karibu na tuta tangu alfajiri hadi maua yalipojifunga, na kwa muda wote huo niliona nyuki wawili tu.

Ndipo nilipoanza kuyatazama kwa makini maua niliyoyapanda. Mbele ya nyumba nina bogenvilia, na kando ya njia nina maua ya kununua kitaluni, yale yenye petali zilizorundikana hadi katikati ya ua haionekani. Nyuki hupita juu yake bila kutua. Lakini upande wa pili wa ukuta, katika kiwanja ambacho mwenyewe hajakijenga, kuna majani yaliyoota yenyewe ambayo tangu saa mbili asubuhi huvuma wadudu wa kila namna. Sasa mwenye kiwanja ameanza kumwaga mchanga na mawe kwa ajili ya msingi, nami ninahofia kwamba wadudu hao watakosa pa kwenda.

Ninataka kutenga sehemu ya ua wangu kwa maua ya asili ya huku kwetu kabla mvua za Novemba hazijaanza. Naomba kuelekezwa nianze na mimea ipi na mbegu zipatikane vipi. Pia naomba msaada wa jambo la nyumbani: mama mkwe, ambaye ninaishi naye na ninamheshimu sana, anasema kwamba ua usiofagiliwa ni mwaliko kwa nyoka na mbu, na kwamba nikiwaita nyuki nitawaumiza wajukuu zake.

Mrina wa Sikonge

Marahaba, mama. Nimefuga nyuki tangu ujana wangu, kwanza kwenye mizinga ya magome na sasa kwenye ya masanduku, kwa hiyo nitajibu upande wa wadudu na mimea, na wengine watanisaidia upande wa bustani.

Maboga yako si mgonjwa. Ua la kike la boga huwa na kitoto chini yake hata kabla halijachanua, lakini kitoto hicho hakikui mpaka mdudu alete chavua kutoka kwenye ua la kiume. Chavua ya boga ni nzito na inanata, upepo hauwezi kuibeba, na ua lenyewe hufunguka alfajiri na kujifunga kabla ya adhuhuri, kwa hiyo lisilotembelewa asubuhi ile ndiyo basi. Dawa uliyopulizia huenda ndiyo iliyowamaliza wachache waliokuwa wakija. Msimu huu, wakati bustani bado changa, chuma ua la kiume asubuhi na mapema, bandua petali zake, kisha pakaza chavua katikati ya ua la kike kwa upole. Ua moja la kiume linatosha maua mawili au matatu ya kike.

Kuhusu bogenvilia, ile rangi nzuri unayoiona si petali bali ni majani yaliyobadilika. Ua lenyewe ni kile kijikombe kidogo cheupe kilicho katikati. Mmea huo asili yake ni Amerika ya Kusini, na kwa nyuki wetu hauna chakula cha maana. Maua ya petali nyingi yana kasoro nyingine: yamezalishwa kwa ajili ya macho ya watu, na mara nyingi petali zile za ziada zimechukua nafasi ya chavua na kuziba njia ya kufikia mbochi, yaani maji matamu ya ua.

Mmea wa kwanza ninaokushauri uupande ni mgagani, na ninaanza nao kwa sababu mama mkwe wako hawezi kuuita gugu. Ukiuachia baadhi ya mashina yachanue badala ya kuyachuma yote, utaona kichala cha maua meupe yenye nyuzi ndefu za zambarau zilizochomoza nje kama ndevu za paka, na maua hayo hufunguka kwa zamu kuanzia chini kwenda juu, hivyo shina moja hulisha wadudu kwa wiki kadhaa huku ukiendelea kula majani ya mashina mengine. Pamoja nao acha mlenda wa porini, ule wenye maua ya waridi yenye umbo la tarumbeta. Nimewahi kuona nyuki akiingia ndani yake mwili mzima na kutoka akiwa na vumbi jeupe mgongoni.

Wa pili ni kivumbasi. Maua yake ni madogo na hayavutii macho ya mpita njia, lakini sijui mmea mwingine wa uani unaopendwa na nyuki wadogo kuliko huo. Wa tatu ni marejea, yenye maua ya njano yaliyojifumba kama midomo. Nyuki wa asali huhangaika kuyafungua, ila wale wakubwa weusi wanaotoboa boriti hutua kwa uzito wao, sehemu ya chini ya ua ikashuka, na chavua ikawapaka tumboni. Wengi huwaua nyuki hao kwa sababu ya boriti, jambo linalonisikitisha, maana ndio wanaoweza kutikisa ua la nyanya na la bilinganya kwa mvumo wa misuli yao hadi chavua imwagike. Nyuki wa asali hana uwezo huo. Waachie gogo kavu pembeni mwa ua, na boriti zako zipake rangi.

Hiyo ni mimea ya mvua. Kiangazi ndicho kigumu. Huku kwetu miti ya mitundu na jamaa zake wa misitu ya miombo huchanua kuanzia Septemba hadi karibu na mvua, msitu unapochipua majani mekundu, lakini miti inayozunguka mji imepungua kwa mkaa na kwa kuni za kukaushia tumbaku, na nyuki wengi wadogo wa porini hawaruki zaidi ya mita mia chache kutoka kwenye viota vyao. Nyuki wa asali akiishiwa hapa huenda kilomita kadhaa. Hao wengine hawawezi. Kwa hiyo panda mishubiri ya asili inayochanua katikati ya kiangazi, na ukiweza tafuta ule mmea mrefu unaoota kando ya mashamba yaliyolala, wenye mipira ya miiba iliyopangana juu ya shina kama shanga na maua ya rangi ya chungwa yanayozunguka kila mpira. Ndege wadogo waitwao chozi hawaukosi.

Mwambie mama mkwe kwamba nyuki aliyetua juu ya ua yuko kazini na hana kiota cha kulinda. Haumi mpaka abanwe au akanyagwe. Hatari iko penye kundi. Hilo huingia kwenye ndoo tupu, tairi la zamani au tundu la dari, kwa hiyo ziba matundu na usiache vyombo vitupu nje, na watoto watakuwa salama zaidi kuliko kwenye uwanja usio na ua hata moja lakini una pipa kuukuu.

Shamba Darasa Nzega

Nilifanya kazi ya ugani kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na ninamuunga mkono mzee wa Sikonge. Niongeze machache kuhusu hoja za mama mkwe, ambazo mimi ninaziona ni za busara na zinastahili jibu kwa vitendo.

Nyoka hafuati maua. Hufuata panya, vyura na mayai ya kuku, na hujificha kwenye lundo la kuni, matofali na majani marefu yaliyolala. Weka tuta lako la maua mbali na mlango na mbali na banda la kuku, lisiwe na upana wa kuzidi hatua mbili ili uweze kulifikia katikati kutoka kila upande, na ukingo wake uzungushie matofali yaliyozikwa nusu badala ya mawe yaliyorundikwa. Palilia nyasi, acha maua. Mbu nao huzaliana katika maji yaliyotuama. Akague ndoo na visoda kabla ya kulaumu kivumbasi, ambacho wazee wetu wamekuwa wakikichoma jioni kufukuza mbu hao hao.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba ufagio wa mama mkwe unaweza kuwa upande wako. Sehemu kubwa ya aina za nyuki wa porini hawakai kwenye mizinga wala kwenye miti, bali kila jike huchimba tundu lake ardhini, mahali pakavu, palipo wazi na penye jua. Ukichunguza ardhi iliyofagiliwa karibu na ukuta unaotazama mashariki, unaweza kuona vitundu vyembamba kama vilivyotobolewa kwa msumari, vikiwa na kijichungu cha udongo laini pembeni. Hivyo vingi si vya siafu. Mwachie mama mkwe afagie uwanja wake kama kawaida, ila kipande kimoja cha hatua chache msikimwagie maji wala msikisakafie.

Kuhusu kupanda, usiweke samadi nyingi. Maua ya porini yamezoea udongo mwepesi, na ukiurutubisha sana utavuna nyasi. Mbegu laini kama za kivumbasi changanya na mchanga mkavu, zimwage juu ya udongo uliolainishwa, kandamiza kwa ubao na usizifukie kwa kina. Marejea yapandwe kwa mistari. Yanaongeza naitrojeni na hupunguza minyoo fundo inayoshambulia mizizi ya nyanya, kwa hiyo mwaka unaofuata hamishia nyanya mahali pake. Baadhi ya aina zake zina sumu kwa mifugo, hivyo mbuzi wasifike. Ukienda porini kutafuta mbegu, chukua kidogo kutoka mimea mingi badala ya kukausha mmea mmoja, na using'oe mmea mzima. Mjini kwenu kipo Chuo cha Ufugaji Nyuki. Nenda kaulize walimu wakuoneshe mimea ya nyuki ikiwa hai.

Mkulima wa Kasulu

Ninashukuru kwa mada hii, lakini mbona hakuna aliyetaja alizeti pori? Huku Kasulu imejaa kando ya barabara, inachanua kwa wingi, nyuki wanaipenda, na majani yake tunayakata kuwa mbolea ya kijani shambani. Haihitaji kumwagiliwa wala kupaliliwa. Kwa mtu anayetaka matokeo ya haraka, ninaona ndiyo ingetangulia.

Mrina wa Sikonge

Ndugu wa Kasulu, ni kweli kwamba nyuki huitembelea, na mahali ilipo tayari endeleeni kuikata kwa mbolea. Hata hivyo asili yake ni Mexico, na sifa uliyoitaja ya kutohitaji kutunzwa ndiyo inayonitisha. Ikishika kiwanja haiachii nafasi mgagani, mlenda wala kitu kingine, na ikimaliza kuchanua hapabaki chakula chochote mahali hapo hadi msimu wake urudi. Nyuki anahitaji maua yanayopokezana. Mimi nisingempa mtu mbegu yake apande katika ua ambao haina.

Mama wa Ipuli

Wazee wangu, ninashukuru kuliko ninavyoweza kuandika. Jana jioni nilipima kipande cha hatua mbili kwa saba kando ya ukuta wa nyuma, na leo asubuhi nikamwonesha mama mkwe vitundu vilivyo chini ya dirisha la jikoni. Vilikuwa 11. Aliinama akatazama hadi nyuki mmoja mwembamba wa kijivu alipotoka, akasema kwamba miaka yote hiyo alidhani ni siafu. Bado hajaridhia jambo la nyuki, ila aliposikia mgagani alikwenda chumbani akaleta mbegu alizofunga kwenye kitambaa tangu mwaka jana. Zimeonekana zimepauka, nami nilikuwa nimeshaagiza mbegu mpya sokoni zilizovunwa mwezi huu. Nitumie zipi?

Shamba Darasa Nzega

Tumia za mama mkwe. Mbegu ya mgagani iliyovunwa karibuni huwa imelala, na huchukua miezi kadhaa kabla ya kukubali kuota vizuri, ndiyo maana wengi huzipanda mbichi kisha wakalaumu muuzaji. Zile za sokoni zihifadhi pakavu hadi mwakani. Za mama mkwe zipande mvua ya pili ikishashika, kina kisichozidi unene wa kidole kidogo, na umwombe azimwage yeye mwenyewe.