Sabuni za uso: tulinganishe kinachoosha, si maneno ya mbele ya chupa

Nuru wa Tanga

Habari zenu wadau. Mtu akiuliza humu sabuni gani ya uso ni nzuri, anajibiwa kwa majina ya bidhaa tu. Chapa hubadilisha chupa, na wakati mwingine hubadilisha hata mchanganyiko wenyewe. Kiambato kikiwa kilekile, tabia yake ni ileile. Ndiyo maana naomba tulinganishe viambato.

Geuza chupa usome nyuma. Viambato hupangwa kwa wingi wake, kilicho kingi kinatangulia; vilivyo chini ya asilimia 1 ndivyo vinavyoweza kufuatana kwa mpangilio wowote. Sabuni nyingi za maji huanza na maji yenyewe. Nafasi ya pili mpaka ya nne ndipo hukaa kile kinachoosha, na hapo ndipo ngozi yako inapoamuliwa hatima yake. Mkaa, papai na vitamini C vilivyochorwa mbele mara nyingi utavikuta mwishoni kabisa, baada ya pafyumu, na hata hivyo unavisuuza kabla havijamaliza dakika usoni.

Sabuni halisi ya kipande ni mafuta yaliyopikwa na kostiki soda. Kwenye lebo ni sodiamu palmeti ikiwa ni mawese, kokoeti ikiwa ni nazi, taloeti ikiwa ni mafuta ya ng'ombe. pH yake, yaani kipimo cha asidi na magadi, huwa 9 hadi 10, ilhali ya uso iko karibu na 5. Inang'oa mafuta vizuri kupita kiasi, ndiyo maana uso unakakamaa na kupauka.

SLS, yaani sodiamu laurili salfeti, ina povu jingi na bei ndogo. Watafiti wa ngozi wanapotaka kuiwasha ngozi makusudi kwa ajili ya majaribio, hiyo ndiyo wanayoipaka. SLES, yaani sodiamu laurethi salfeti, ni nyingine, ni pole kuliko SLS, ila watu wengi wanazisoma kama kitu kimoja.

Halafu kuna za upole: kokamidopropili betaini, desili glukosidi, na sodiamu kokoili isethionati. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyo kwenye vipande vyeupe vinavyofanana na sabuni ilhali si sabuni. Dove ya kipande ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1957 kwa njia hiyo.

Binafsi, kwa uso mkavu au wenye madoa siwezi kumshauri mtu sabuni halisi wala SLS. Karibuni.

Fundi Mbagala

Mkuu umeongea. Mimi natengeneza sabuni za maji, nikazie hapo kwenye SLES. Ile ungerol tunayonunua Kariakoo, nzito kama uji, ndiyo SLES yenyewe. Lakini usiihukumu kwa jina peke yake. Ukiichanganya na betaini ukali unashuka, kwa sababu molekuli zake zinashikana mafungu makubwa na chache tu zinabaki huru kupenya ngozi. Kwa hiyo ukiona SLES halafu betaini inaifuata kwa karibu, hiyo si sawa na SLES iliyoachwa peke yake.

Na nawaomba sana, sabuni ya vyombo isiguse uso. Mle tunatia na asidi ya salfoniki. Imetengenezwa kukata mafuta ya sufuria.

Mama Swabra, Kigamboni

Asante Nuru. Sisi huku tunatumia maji ya kisima, ya chumvi. Kipande hakitoi povu hata nikisugue vipi, na nikikausha uso nabaki na utando unaonata. Nikienda kwa mama Morogoro, sabuni ileile haina shida. Ni ngozi au ni maji?

Nuru wa Tanga

Ni maji, dada. Maji ya kisima kama hayo mara nyingi yana kalsiamu na magnesiamu nyingi. Zikikutana na sabuni halisi zinashikamana nayo na kuwa vitu vyeupe visivyoyeyuka, ndio huo utando, na ndio huo unaozunguka beseni. Unaongeza sabuni ili upate povu, unazidisha utando na ukavu. Viambato vya kundi la upole havigandi hivyo, vinaosha na vinasuuzika hata kwenye maji magumu. Kwa watu wa Kigamboni, Mbezi na kwingineko kwenye visima, naona hili lina uzito kuliko aina ya ngozi. Ukipata maji ya mvua au ya bomba, yaweke ya kusuuzia mwisho.

Bi Khole, Unguja

Mbona mmesahau vya kwetu? Liwa, singo, sabuni ya mwani ya Paje. Bibi zetu walikuwa na nyuso laini na hawakujua salfeti.

Nuru wa Tanga

Hatujasahau, bibi. Liwa iliyosagwa kwa marashi inatuliza na kunukia, ila haina kinachoshika mafuta ili maji yayaondoe, kwa hiyo haishiki nafasi ya sabuni. Singo ni ya kusugulia mwili wa bibi harusi. Usoni, hasa penye chunusi, punje zake zinakwaruza, na karafuu iliyomo ina yujinoli, kemikali ambayo baadhi ya watu inawaletea mzio. Sabuni ya mwani msingi wake ni mafuta ya nazi yaliyopikwa, kwa hiyo pH yake ni ya sabuni halisi. Mwilini naipenda sana. Usoni, mwenye ngozi ya mafuta anaweza kuistahimili.

Cha kuogopa ni ndimu. Mkipaka ndimu halafu mkatoka juani, ngozi inaungua na kubaki na doa jeusi la muda mrefu.

Dawa Mwanza

Nafanya kazi duka la dawa, nijazie upande wa chunusi. Viambato vichache vinafanya kazi hata kwenye kitu cha kusuuza, na viwili vinavyoulizwa sana ni hivi.

Asidi ya salisiliki, asilimia 0.5 hadi 2, inayeyuka kwenye mafuta, hivyo inaingia ndani ya kitundu cha ngozi na kulegeza uchafu. Inawafaa wenye chunusi za vichwa vyeusi na uso wa mafuta. Benzoili peroksaidi inaua bakteria wa chunusi, na bakteria hao hawaizoei kama wanavyozoea antibiotiki. Hii ni ya vipele vyekundu vyenye usaha. Anza na asilimia ndogo, iache dakika moja au mbili ndipo usuuze. Taulo na foronya za rangi ziweke mbali, itazichuja.

Usianze zote mbili kwa pamoja. Ngozi zetu nyeusi zikiwashwa huacha madoa, na doa hukaa miezi mingi baada ya kipele kupona. Niasinamidi, aina ya vitamini B3, inasaidia madoa, lakini inunue kwenye krimu inayobaki usoni.

Na sabuni yoyote inayoahidi weupe, isome mara mbili. Ukiona zebaki au iodidi ya zebaki, iache dukani, inaharibu figo. Hidrokwinoni nayo, dawa ya kung'arisha ngozi, si ya kununua kienyeji. Nyingine hazina orodha ya viambato kabisa, na hizo ndizo ninazoziogopa zaidi. Tangu 2019 vipodozi Tanzania viko chini ya TBS, Shirika la Viwango, unaweza kuwapelekea taarifa.

Kijana wa Nyali

Na hizi za kuua viini asilimia 99?

Dawa Mwanza

Kwa uso hazihitajiki, kaka. Triklosani iliyokuwa mle, mamlaka ya dawa ya Marekani iliipiga marufuku kwenye sabuni za kawaida mwaka 2016, kwa kuwa watengenezaji hawakuonyesha kwamba inashinda sabuni na maji.

Ummu Layla, Mombasa

Mie nna swali jingine. Losheni ya kuoshea isiyo na povu nliyonunua, nafasi ya tatu imeandikwa setili alkoholi. Si ulevi huo? Na haikaushi?

Fundi Mbagala

Dada yangu, hiyo ni kama nta nyeupe, ukiishika mkononi ni vipande vigumu vyenye mafuta. Hailevyi na haikaushi, inalainisha. Ya kukausha ni ile iliyoandikwa alkoholi tupu au ethanoli, hasa ikiwa juu kwenye orodha. Yako, kama gliserini nayo iko juu, ni ya ngozi kavu kabisa. Ila ukipaka losheni nzito ya jua au vipodozi, haitavitoa vyote; futa kwanza kwa mafuta kidogo ndipo uoshe.

Mama Swabra, Kigamboni

Swali la mwisho, binti yangu ana miaka 13, chunusi zimeanza kwenye paji la uso. Nimnunulie ya dawa moja kwa moja?

Dawa Mwanza

Mwanzishie ya kundi la upole, asubuhi na jioni, bila kusugua, na mafuta ya nywele yasishuke kwenye paji. Mpe wiki kadhaa. Zikiendelea, ongeza salisiliki mara chache kwa wiki. Zikiwa kubwa, za ndani na zenye kuuma, usihangaike na sabuni, mpeleke kwa daktari wa ngozi mapema kabla hazijaacha makovu.