Naomba ushauri: gepu ya plagi kwenye injini iliyofungwa tabo

Wakuu, habari zenu. Injini ni ya silinda nne, lita 2.0, haikuja na tabo (turbo, inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) kiwandani. Sasa imefungwa, presha ya tabo baa 0.8. Koili ni za kiwandani, moja kwa kila silinda. Plagi ni za iridiamu, hatua moja baridi zaidi ya zile za awali (yaani zinatoa joto haraka zaidi).

Gepu (nafasi ambayo cheche inaruka kwenye plagi) ya kiwandani ni mm 1.1. Kwa gepu hiyo inamisi (mchanganyiko hauwaki) kuanzia mizunguko 4,500 kwa dakika ukikanyaga mafuta mpaka mwisho. Hilo linaeleweka: presha ya silinda ikipanda, cheche inadai volti nyingi kuliko uwezo wa koili. Kwa gepu ya 0.8 inamisi juu ya 5,500 tu. Kwa 0.7 misi imeisha, ila sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inayumba, nadhani kwa sababu cheche fupi inawasha mchanganyiko kwa shida mzigo ukiwa mdogo.

Sensa ya oksijeni inasoma lambda 0.80 kwenye mzigo kamili, yaani mafuta ni mengi kwa hewa iliyopo. (Inapomisi husoma kama mafuta ni pungufu, kwani oksijeni inatoka bila kuungua, msinishauri kuongeza mafuta.) Kaure ya plagi haina mistari myeusi (alama za umeme kuvuja), na buti za koili ni mpya.

Naomba kujua: nibaki 0.7 nirekebishe sailensa kwenye kompyuta, au nirudi 0.8 niongeze muda wa kuchaji koili? Milisekunde ngapi ni salama kabla koili haijaungua? Presha ikifika baa 1.2, gepu ya 0.6 itatosha?

Gepu napima kwa fila geji ya waya, nakunja mguu wa pembeni tu. Ncha ya iridiamu haiguswi, inakatika.